Upakiaji umeshindikana: kufuli nne na bembelezi la Mto Tana

Leo tuongee kuhusu maneno mawili yanayowakera wengi: "Upakiaji umeshindikana". Unachagua wimbo, unabonyeza kitufe, mstari unajikokota hadi asilimia tisini na kitu, halafu kimya. Sababu huambiwi.

Ukiuliza pale Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, jibu ni moja: "ni netiweki". Kuna siku ni kweli. Lakini nimekuwa nikiwasaidia jamaa wa huko kupakia kaseti zao za ngoma na harusi kwenye maktaba ya muziki mtandaoni, na nimeona mara nyingi netiweki inasingiziwa. Mlango wa maktaba hizi hauna kufuli moja. Una nne, kila moja imetengenezwa na watu tofauti katika mwaka tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akifikiria nyimbo za Mto Tana.

Kufuli ya kwanza ni njia yenyewe. Mtindo wa kutuma faili kupitia fomu ya ukurasa wa wavuti uliandikwa mwaka 1995. Faili husafirishwa kama mzigo mmoja: ikikatika katikati, unaanza upya. Sasa piga hesabu. Sauti ya ubora wa CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, kwa chaneli mbili. Hiyo ni kama megabaiti 10.6 kwa dakika. Kaseti ya dakika 60 inakuwa megabaiti 635! Kwa laini ya simu inayokatika kila baada ya dakika chache, mzigo huo haufiki. Mifumo ya baadaye huikata faili vipande vipande na kuendelea pale ilipoishia. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, maktaba hii inapokea vipande? Kama haipokei, gawanya kaseti wimbo kwa wimbo, au tumia FLAC, umbo lililotoka mwaka 2001 ambalo hupunguza faili, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa chochote cha sauti.

Kufuli ya pili ni umbo la faili. Jina la .mp3 lilichaguliwa mwaka 1995 na watafiti wa Fraunhofer kule Ujerumani. Jina, hata hivyo, ni nguo tu. Wengi hurekodi kwa simu, wakapata faili ya .amr au .3gp, kisha wakabadilisha herufi za mwisho na kuandika .mp3 wakidhani wamegeuza faili. Seva haisomi nguo, inasoma baiti za mwanzo. Ikikuta ndani si MP3, inakukatalia. Dawa ni kuifungua kwa programu ya bure kama Audacity au ffmpeg, zote za tangu mwaka 2000, na kuihifadhi upya kwa umbo la kweli.

Kufuli ya tatu ni lebo, yaani maandishi yanayobebwa ndani ya faili: jina la wimbo, mwimbaji, mwaka. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni ID3: baiti 128 zinazobandikwa mkiani mwa faili. Jina la wimbo lilipewa nafasi 30, mwimbaji 30, albamu 30. Aina ya muziki ilipewa baiti moja tu, namba inayoelekeza kwenye orodha ya aina 80. Ndani ya orodha hiyo polka imo. Reggae imo. Taarab haimo, benga haimo, na wimbo wa kumbembeleza mtoto ndio kabisa. Matoleo ya baadaye ya ID3 yaliongeza nafasi, lakini nimeona maktaba ikikataa faili kwa sababu "msanii" ni tupu. Sasa bembelezi lililoimbwa na nyanya wa mtu jikoni, utamwandika nani msanii? Kijana wa dukani huandika "Unknown", na hapo ndipo nyanya anapotea. Afadhali uandike jina lake ikiwa ameridhia, kijiji, lugha na mwaka, hata kama nafasi ni finyu.

Kufuli ya nne ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Nayo ni alama ya sauti. Mwaka 2002 Shazam ilianza Uingereza: unapiga 2580, unaiinua simu isikie wimbo, kisha unatumiwa jina lake. Mwaka 2003 Avery Wang alichapisha siri yake. Programu huchora sauti kama ramani ya milima, ikachukua vilele tu, na kupima umbali kati ya kilele na kilele. Mwaka 2007 YouTube ilileta mfumo wake, ambao leo tunaujua kama Content ID. Mwenye haki huweka nakala yake, na kila kinachopakiwa hulinganishwa nayo. Kikifanana, hutoka dai.

Sasa njoo nami mtoni. Ukitoka Madogo ukiufuata mto kuelekea Hola na Garsen, unapita katika nchi ya Wapokomo. Mwaka 1963 Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki watano walikabidhiwa kazi ya kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyachukua ni ya bembelezi la Kipokomo, na anayetajwa kuwatolea ni Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River. Yaani kila tunaposimama wima uwanjani, tunasimamia wimbo wa kumlaza mtoto.

Mwaka 2021 chaneli moja ya Kenya iliweka kwenye YouTube video yenye wimbo huo wa taifa. Likatoka dai la hakimiliki kutoka kampuni ya Uingereza, De Wolfe Music. Wakenya walipandwa na hasira, na ni haki yao. Ila tuelewe mtambo uliona nini. Kisheria kuna vitu viwili: utunzi na rekodi. Kazi ya serikali hulindwa nchini Kenya kwa miaka 50 tangu ichapishwe, kwa hiyo utunzi wa 1963 ulishatoka kwenye ulinzi huo. Lakini bendi ikiupiga wimbo huohuo na kuurekodi leo, rekodi hiyo ina mwenyewe. Mtambo haujui Mpokomo ni nani. Unajua nakala ipi iliwekwa kwanza na nani. Aliyewahi kujiandikisha ndiye anayeaminiwa.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa kaseti zetu. Mgeni akija leo, akarekodi ngoma ya mtoni na kuisajili, kesho mwenye ngoma akipakia rekodi hiyohiyo ataambiwa ameiba. Mifumo mingine hulinganisha hata mahadhi, si rekodi peke yake.

Kwa hiyo upakiaji ukikataa, shuka na kufuli moja moja. Umekatikia njiani? Gawanya. Umekatikia mwanzoni kabisa? Kagua umbo. Unaombwa maelezo? Jaza lebo. Umekubaliwa kisha ukazuiwa? Hilo ni dai, wala kupakia tena hakusaidii. Lipinge. Kwenye YouTube mdai ana siku 30 za kujibu. Hapo uwe na ushahidi: kaseti yenyewe, tarehe, jina la aliyeimba na mahali.

Tena tusiishie kwenye mashine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitambua jamii kuwa wenye nyimbo zao, na inazitaka kaunti ziweke rejista. Kuandikisha ngoma ya Tana River kwenye rejista ya kaunti hakuhitaji hata intaneti. Kunahitaji wazee wakae, waulizwe, waandikwe, wakiwa bado wapo.

Haya, kazi kwenu. Anzeni na kaseti iliyo kabatini kabla utepe haujashikana.