Pensheni Kwanza, Kodi Baadaye

Mshahara wa mtumishi wa umma wa Tanzania hukatwa mchango wa pensheni kwanza, kisha kiasi kinachobaki ndicho hutozwa kodi ya mapato, ile PAYE. Ndivyo anavyokatwa mwalimu wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Jangwani, na ndivyo anavyokatwa ofisa wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam aliye Kariakoo. Utaratibu huo haukuja kwa siku moja.

Serikali ya kikoloni iliwagawa watumishi wake mafungu. Sheria ya 1942 iliunda mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali wasiostahili pensheni, na nyingine ya 1944 ikaunda wa watumishi wa serikali za mitaa. Wenye ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni, waliosimamiwa na sheria ya pensheni ya 1954, hawakuchangia kitu: walipostaafu walilipwa na Hazina. Kwa kuwa hawakukatwa mchango, hawakuwa na cha kupunguza kwenye kodi.

Baada ya uhuru ulianzishwa mfuko wa akiba wa NPF mwaka 1964, uliokuja kuwa NSSF mwaka 1997. Azimio la Arusha la 1967 lilifuatwa na wimbi la mashirika ya umma. Mojawapo ni Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya 1974. Mwaka 1978 mashirika ya umma yalipata mfuko wao, PPF.

Badiliko kubwa kwa watumishi wa serikali kuu lilikuja mwaka 1999, mfuko wao wa PSPF ulipoanzishwa. Tangu hapo mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wa msingi na mwajiri asilimia 15. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko ulioidhinishwa uondolewe katika mapato kabla kodi haijakokotolewa, mradi usizidi kiasi kinachotakiwa kisheria. Tarehe 1 Agosti 2018 PSPF, PPF, LAPF ya serikali za mitaa na GEPF ya watumishi wa serikali wasiostahili pensheni ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na NSSF ikabaki na sekta binafsi.

Nafuu yenyewe huonekana kwenye hesabu. Kwa viwango vya Julai 2021, mapato yasiyozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hayatozwi kodi. Kinachozidi hapo, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8. Viwango hupanda hadi asilimia 30 kwa kinachozidi 1,000,000. Mwalimu mwenye mshahara wa 1,200,000 hukatwa 60,000 ya PSSSF, na 1,140,000 ndizo hutozwa kodi. Kodi yake ni 170,000. Bila mchango ingekuwa 188,000. Kwa hiyo mfukoni mwake zimepungua 42,000, wakati mfuko umepokea 60,000 kutoka kwake, mbali na 180,000 za mwajiri.

Mwenzake wa 600,000 huchangia 30,000 na kodi yake hushuka kutoka 36,000 hadi 30,000. Yeye huokoa asilimia 20 ya mchango, wakati wa kwanza huokoa asilimia 30. Mwenye mapato yasiyofikia kiwango cha kutozwa kodi haokoi chochote, ingawa mchango ule ule wa asilimia 5 humhusu.

Makato mengine hayana upendeleo huo. Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu na ada ya chama cha wafanyakazi hukatwa bila kupunguza kiasi kinachotozwa kodi, hata yanapoonekana kwenye hati ile ile ya mshahara. Kwa hiyo anayetaka kuhakiki kodi yake aondoe kwanza mchango wa pensheni pekee kwenye mapato yanayotozwa kodi, ndipo atumie viwango vya PAYE.