Gita la Umeme na Neno la Mshairi: Nafasi kati ya Sumaku na Uzi

Hakuna anayekitaja kisiwa cha Shungimbili katika historia ya muziki wetu. Ni kipande kidogo cha mchanga na miti, kaskazini-magharibi ya Mafia, kilichotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2007 na ambacho tangu 2016 kina jumba la wageni wenye uwezo mkubwa. Jina lake ndilo lenye harufu ya ushairi: mizani mbili huku na mizani mbili kule, kama mshororo mfupi wenye ukwapi na utao. Hata hivyo, ni katika visiwa vya namna hii, wavuvi walipopiga dago na kutundika redio ya betri kwenye mti, ndipo muziki wa Dar es Salaam na wa Tanga ulipotufikia sisi watu wa kusini mwa mwambao. Na ni kwenye spika ndogo ya redio kama hiyo ndipo linapoeleweka swali ninalotaka kulijadili hapa: gita la umeme liliingiaje katika taarabu pasipo kulimeza neno la mshairi?

Hapana budi tuanze na chombo chenyewe, kwani wengi wetu tumekisifu au kukilaani bila kukichungulia. Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna kifaa ambacho mafundi hukiita pikapu (si ile gari ya kubebea magunia ya nazi), nacho si kitu ila sumaku iliyozungushiwa uzi mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, ndani ya shaba huzaliwa umeme dhaifu, ambao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa. Msingi wa jambo hili aliugundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Ilipita karne nzima hadi George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko California mwanzoni mwa miaka ya 1930, walipoutumia katika gita la kuuzwa madukani. Miaka ya 1950 Leo Fender na kampuni ya Gibson wakalipa gita hilo umbo tunalolijua leo.

Sasa, sumaku haijui kitu kingine ila chuma. Nyuzi za udi, ziwe za utumbo au za nailoni, hupita juu yake kama kivuli, haizisikii. Udi ulihitaji maikrofoni, na maikrofoni iliyowekwa karibu na spika ukumbini hupiga mayowe. Nadhani hapa ndipo ilipo sababu mojawapo, tena isiyotajwa, ya gita kushika nafasi ya udi katika baadhi ya vikundi vyetu. Kumbi zilipanuka, wasikilizaji wakaongezeka, na gita likawa chombo cha nyuzi kilichoweza kupaza sauti bila kusumbuana na spika.

Nguvu hiyo hupimwa kwa milimita. Ubanapo uzi kwenye kipau cha mwisho cha shingo, watengenezaji hushauri kwamba kati ya uzi na ncha ya sumaku pabaki milimita 2 hivi upande wa nyuzi nene, na pungufu kidogo ya hapo upande wa nyuzi nyembamba. Pikapu iliyo karibu na daraja huinuliwa zaidi kuliko ile ya karibu na shingo, kwa kuwa darajani uzi hutikisika kwa upana mdogo. Skrubu mbili za pembeni ndizo zinazoipandisha na kuishusha. Ukiipandisha mno, sauti hupata nguvu na ukali, lakini sumaku huanza kuuvuta uzi kwake: mlio hukatika mapema, noti hupotoka, na katika nyuzi nene husikika kama sauti mbili zinazogombana. Ukiishusha mno, sauti hunyong'onyea. Kati ya hapo ndipo pana utamu, na hakuna rula inayoweza kumwonyesha fundi mahali penyewe. Huzungusha skrubu robo mzunguko, hupiga, husikiliza, kisha huzungusha tena. Sisi wa visiwani twaongeza taabu nyingine, maana chumvi ya hewa huzishika skrubu hizo kwa kutu hadi zikagoma kuzunguka.

Yamkini msomaji mpenda mashairi anajiuliza, haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Katika sauti ya mwimbaji, irabu ndizo zenye nguvu, ilhali konsonanti ni dhaifu na nyembamba. Kinachotenganisha "sa" na "sha", au "fa" na "tha", ni pumzi kidogo tu iliyo juu kabisa ya sauti. Kina cha shairi kimejengwa juu ya pumzi hiyo. Sasa chukua gita ambalo pikapu yake imesogezwa karibu mno na nyuzi, ulitie katika amplifaya ndogo isiyomudu nguvu hiyo: mlio hupasuka, na vipande vyake hutawanyika palepale zinapoishi konsonanti. Redio ya masafa ya kati nayo, kwa tabia yake, huzipunguza sauti za juu kabla hazijatufikia. Mvuvi aliye dagoni husikia wimbo, husikia irabu, lakini kina kimeshaliwa. Mshairi alihesabu mizani yake nane kwa nane bure.

Bendi za dansi hazikuwa na shida hiyo kwa kiwango hicho. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, na NUTA Jazz ikaundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Humo gita la solo lilikuwa msemaji halali, na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, alilifanya liseme kama mtu wa pili jukwaani. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba bendi nyingi za wakati huo zilimilikiwa na vyama na mashirika, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama, gita hubaki. Anayekuja hulikuta na urefu wa pikapu aliouacha mwenzake, kama mpangaji anayerithi misumari ukutani. Na miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, nyuzi mpya zilipokuwa adimu, uzi mkuukuu uliopoteza ung'avu ulimshawishi mpigaji aisogeze sumaku karibu zaidi ili kuufidia.

Tanga ndiko jambo hili lilikokuwa zito, kwa sababu huko gita liliingia nyumbani mwa shairi. Black Star Musical Club, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960, iliipokea gita la umeme na gita la besi katika taarabu, na Lucky Star ikafuata njia hiyo. Shakila Said, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vikundi hivyo. Unguja haikufanya haraka: Ikhwani Safaa, kilichokuwapo tangu 1905, kilibaki na udi, kanuni na fidla zake. Wazee wakapata la kusema, kwamba umeme umeiua taarabu.

Mimi sikubaliani nao. Anayetaka kuamua mwenyewe atafute rekodi za vikundi hivyo viwili vya Tanga zilizokusanywa katika albamu ya Nyota, iliyotolewa Uingereza mwaka 1989. Gita humo lina mlio wa duara, si wa wembe. Hulitangulia shairi, hulipokea kati ya ubeti na ubeti, na mwimbaji anapofungua kinywa hujikunyata chini yake. Mpigaji wa namna hiyo anataka mlio usiopasuka hata akipiga taratibu, na mlio huo hupatikana pale uzi unapoachiwa nafasi ya kutikisika bila kuvutwa na sumaku.

Kilichokuja baadaye, katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, ni habari nyingine. Kinanda cha umeme hakina uzi wala sumaku ya kusogezwa, na besi ilipandishwa hadi ikasikika nje ya ukumbi. Hapo mwenye kuamua kama kina cha shairi kitasikika si mpigaji tena, ni yule kijana aliyekaa nyuma ya mashine ya kuchanganya sauti, ambaye aghalabu hata maneno ya wimbo hakuonyeshwa.