Historia Iliyomo Chini ya Boneti

Vitabu vya historia tulivyovitumia kufundishia vilijaa vita, mikataba na majina ya magavana. Sikatai kwamba mambo hayo yana uzito wake. Lakini aliyeishi Tanzania kati ya mwaka 1978 na 1986 anajua kwamba ipo historia nyingine, nayo ni ya vitu vilivyofufuliwa tena na tena kwa sababu hapakuwa na vingine vya kushika nafasi yake. Miongoni mwa vitu hivyo, gari dogo la dizeli linastahili sura yake.

Injini ya dizeli ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, aliifanyia majaribio yaliyofaulu mjini Augsburg mwaka 1897. Tofauti na injini ya petroli, haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta humo, nayo huwaka yenyewe. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta hayo, na dizeli ikapata njia ya kuingia katika magari ya barabarani. Adui mkubwa wa injini hii ni uchafu na maji, kwani sehemu nyeti za pampu na nozeli hulainishwa na mafuta yale yale zinayoyasukuma.

Sasa tuitazame nchi yetu. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikaja vita na Uganda. Fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Wakati huo nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Gari la chuo, la dizeli na lenye bodi ya boksi, ndilo lililoleta unga, ndilo lililotupeleka kuwakagua wanachuo walipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na ndilo lililompeleka mgonjwa hospitali usiku. Likilala wiki mbili, wapo wanachuo vijijini waliomaliza mazoezi yao bila mkufunzi kuingia darasani mwao hata mara moja. Kwa hiyo afya ya gari ilikuwa sehemu ya elimu yenyewe.

Mafundi walilihudumia bila kitabu. Waliposhusha injini, walisaga valvu kwa mkono kwa dawa ya kusagia, saa baada ya saa, mpaka ikae sawasawa kwenye kiti chake. Silinda iliyolika ilitobolewa upya, na pistoni ya saizi kubwa zaidi ikatafutwa hata mikoa mitatu mbali. Bushi zilichongwa kutoka kwenye matairi makuukuu. Mafuta yalichujwa kwa kitambaa kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Hewa ikiingia kwenye njia ya mafuta na gari likakataa kuwaka, fundi alilegeza skrubu, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, kisha akakaza. Moshi nao ulikuwa na maana zake: mweusi, mafuta yamezidi hewa; wa bluu, oili inaungua; mweupe, mafuta hayaungui au maji yameingia. Huo ni uchunguzi wa kisayansi, ingawa aliyeufanya hakuwahi kuingia maabara.

Mwaka 1983 serikali iliwaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria jijini Dar es Salaam, na magari yao yakaitwa daladala kutokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala. Mwaka 1984 ikaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe. Polepole vikaingia vigari vilivyotumika Japani, ambako pia magari hupita upande wa kushoto. Toyota Hiace, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, ikawa maarufu kuliko nyingine. Nyingi zilikuja kama magari ya mizigo; mafundi wetu wakakata madirisha na kuchomelea viti. Bila mikono iliyozoezwa katika miaka ya dhiki, sijui nani angeyatunza.

Sisemi haya ili kusifu ukuukuu. Kutengeneza ni jambo moja, kubandika ni jambo jingine. Gari lenye breki za kubahatisha si ushujaa, ni jeneza lenye abiria. Fundi wa kweli alikuwa yule aliyeweza kusema, “Hili haliendi,” hata kama mwenye gari amekasirika.

Linalonisumbua ni kwamba Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, nasi walimu tuliifundisha kwa bidii, lakini shule nyingi ziliielewa kuwa jembe na bustani tu. Gereji iliyokuwa ng’ambo ya barabara, ambako spana boi alijifunza kwa miaka minne au mitano kwa kutazama, kushika na kukemewa, haikuhesabiwa kuwa shule. Leo injini za dizeli zinaongozwa na kompyuta, na mengi aliyoyajua fundi yule hayatoshi kuzitengeneza. Hiyo si hoja ya kuyaacha yapotee. Namna yake ya kufikiri, yaani kuanza na dalili, kuondoa sababu moja baada ya nyingine, na kutolaumu kipuri kabla ya kukipima, inafaa kwa mashine yoyote, na inafaa hata kwa mwalimu aliye na mwanafunzi mgumu.

Mafundi hao sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Mwalimu wa historia anayetafuta kazi ya kuwapa wanafunzi wake awatume gereji na daftari. Waulize majina ya vifaa, bei za zamani, na jinsi gari fulani lilivyofufuliwa. Waandike kama walivyosikia.