Sindano na Sauti ya Siti

Mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kisiwani Unguja, alisafiri kwa meli hadi Bombay pamoja na wapiga ala wake kurekodi nyimbo za taarabu. Kampuni iliyowaita ilikuwa ile ya Uingereza yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Santuri za zama hizo bado zimo masandukuni mwa baadhi ya watu, na mwenye nayo akiiweka juu ya mashine ya kisasa husikia mikwaruzo na sauti iliyozama. Hapo huamua kwamba wazee wetu walirekodiwa vibaya. La hasha, msikilizaji. Aghalabu kosa limo katika sindano.

Santuri ya wakati ule ilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga ncha ya sindano ya chuma mpaka ikalingana na mfuo wa santuri. Ndiyo maana wenye gramafoni waliagizwa kubadili sindano kila baada ya upande mmoja. Wengi walibana matumizi, na santuri zikaumia.

Juni 1948, kampuni ya Columbia ilizindua mjini New York santuri ndefu ya vinili, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika badala ya 78. Upande mmoja ulibeba zaidi ya dakika 20, ilhali ule wa inchi 10 wa zamani ulikuwa na dakika 3 hivi. Siri moja ilikuwa wembamba wa mfuo, na sindano yake ikawa na ncha takriban theluthi ya ile ya awali. Ncha hiyo ikitiwa katika mfuo mpana huzama hadi chini penye vumbi, isiegemee vizuri kuta zilizochorwa sauti.

Lipo na la pili. Kuanzia 1954, Marekani ilikubaliana kipimo kimoja, RIAA: wakati wa kukata santuri, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kisha kikuza sauti cha nyumbani hugeuza hesabu hiyo. Santuri ya 1928 haikukatwa hivyo. Kikuza sauti basi hupunguza wembamba ambao haukuwahi kuongezwa, na mwimbaji huonekana kama aliyefunikwa blanketi.

Studioni niliwahi kurusha hewani santuri ya taarabu kwa sindano ya vinili, nikawaomba radhi wasikilizaji kwa uchakavu wake. Baadaye fundi alitia sindano pana na kurekebisha kipimo. Mikwaruzo ilipungua, fidla ikajitenga na udi, na baina ya beti mbili nikasikia mwimbaji akivuta pumzi. Radhi niliyoiomba ilikuwa ya kosa langu.

Na mwenye gramafoni ya kufunga kwa mkono asiiweke kamwe santuri ya vinili juu yake. Kichwa chake hukandamiza kwa zaidi ya gramu 100, nayo vinili imezoea 2 tu.