Tumewapima Watoto Wetu ili Tufanye Nini? Historia Fupi, Nikiitazama kutoka Kilosa na Mikumi

Katika likizo iliyopita nilikwenda Kilosa kuzika, na siku ya kurejea Dar es Salaam nikapita njia ya Mikumi ili nimwone mtu niliyeketi naye dawati moja katika shule ya msingi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, ile ya tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Leo ana gereji kando ya barabara kuu ya Iringa, na madereva wa malori humtafuta kwa jina. Tangu utotoni aliweza kufungua redio mbovu ya baba yake na kuifunga tena ikasema.

Lakini hakujua kusoma. Herufi b na d zilimgeukia, na mstari wa ubaoni ulimpotea kabla hajaumaliza daftarini. Mwalimu alimwita mzito, fimbo ikafanya kazi yake, nasi wenzake tukacheka. Mimi pia nilicheka. Mtihani wa darasa la saba aliufanya kama sisi sote. Jina lake halikutoka, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku hiyo gerejini alikuwa na mjukuu wake wa miaka minane. "Mwalimu," aliniambia, "huyu amekuwa kama mimi. Wewe uliyesoma hadi mwisho, niambie nikampime wapi." Nikamtajia hospitali za rufaa za Dar es Salaam na Moshi. Yeye akaanza kuhesabu nauli kwa sauti.

Swali lake limenirudisha kwenye historia. Nchi yetu na jirani zake zimewapima watoto kwa karibu miaka mia moja. Yafaa tuulize zilikuwa zikitafuta nini.

Kipimo cha kwanza cha akili kilichoenea duniani kilitengenezwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwatambua watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida ili wapatiwe mafunzo yanayowafaa. Binet mwenyewe alikataa kuamini kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Ila kipimo chake kilipovuka bahari kufika Marekani, wengine walikigeuza kuwa mizani ya kupanga watu kwa madaraja, na hata kuwakagua wahamiaji waliokuwa wakishuka melini.

Mizani hiyo ilifika kwetu ikiwa imeshapinda. Mwaka 1932 lilichapwa Nairobi jaribio la akili kwa Waafrika, lililoandaliwa na R. A. C. Oliver. Katika miaka hiyohiyo daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kimaumbile. Mwaka 1953 J. C. Carothers, naye wa Mathari, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu chenye mwelekeo huohuo. Hapo upimaji ulitumika kuhalalisha utawala. Swali la namna ya kumsaidia mtoto fulani kujifunza halikuwa na nafasi.

Upande wa Tanganyika, kipimo kilichogusa watoto wengi zaidi kilikuwa mtihani wa darasa la nne. Aliyefaulu aliendelea na shule ya kati. Wengine walirudi nyumbani, na katika wilaya kama Kilosa hilo lilimaanisha jembe au mashamba ya mkonge. Baada ya uhuru chujio lilisogezwa hadi darasa la saba, lakini liliendelea kuwa chujio. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ni kama asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi watakaopata nafasi ya sekondari. Baraza la Mitihani liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Novemba 1974 Azimio la Musoma likataka mtihani wa maandishi upunguziwe uzito, na kazi na mwenendo wa kila siku wa mwanafunzi vihesabiwe. Lilikuwa wazo jema, lakini nafasi zilibaki chache mno, na palipo na nafasi chache kila alama huishia kuwa kisu cha kukatia.

Nasi tuliorithi mfumo huo tuliuamini. Tulidhani kwamba aliyeachwa amepimwa, kumbe alikuwa ameondolewa tu.

Mwaka 2012 taifa lilishtuka iliporipotiwa kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Chujio lilikuwa limeshindwa hata kazi yake yenyewe. Baada ya hapo tulipata mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa mawili ya mwanzo, na mitihani ya madarasa ya chini ikaanza kuitwa upimaji. Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, upimaji wa darasa hutuambia kwamba mtoto hasomi. Haututajii sababu. Huyu huenda haoni vizuri, yule hasikii vizuri, mwingine ana usonji, mwingine aliugua malaria kali iliyopanda kichwani, na mwingine ana disleksia, ule ugumu wa kusoma ambao hauhusiani na upungufu wa akili. Kila mmoja anahitaji msaada wa namna yake, na wote tunawaita wazito.

Ujuzi wa kufanya vizuri zaidi haupo mbali. Kule Kilifi watafiti walitengeneza kipimo cha ukuaji wa mtoto kwa kutumia vitu ambavyo watoto wa pwani wanavijua. Kenya ilianzisha vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto wenye ulemavu mwaka 1984. Na hapa kwetu, katika shule za Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake, Watanzania wakiwemo, waliwapima watoto, wakawapa mafunzo mafupi ya namna ya kutatua maswali, kisha wakawapima tena. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba alama zilipanda, na aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Kipimo kimoja cha asubuhi moja kilikuwa kimeficha uwezo mwingi.

Nalisema hili sasa kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Chujio la darasa la saba linapoteza kazi yake. Tusipoweka utambuzi mahali pake, mtoto asiyesoma atasukumwa mbele miaka kumi bila mtu kujua kinachomzuia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetupa msingi wa haki. Kinachotakiwa ni mwalimu aliyefundishwa kutambua dalili tangu chuoni, pale Ilonga na kwingineko, na mtaalamu wa tathmini anayefikika ndani ya wilaya kwa nauli ambayo babu wa Mikumi anaimudu.

Kabla sijaondoka gerejini tulikubaliana kwamba mtoto aanze kupimwa macho na masikio katika hospitali iliyo karibu, na daftari zake zihifadhiwe zote. Wiki mbili baadaye rafiki yangu alinipigia simu. Mtoto anaona vizuri na anasikia vizuri.

"Haya, Mwalimu," akasema, "sasa twende wapi?"

Nimeandika makala hii kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa.