"Shamba tupu iko ya nani?"



Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu alituwekea karatasi mezani. Alikuwa ameenda kuuliza habari za shamba la marehemu baba mkwe wake, kule upande wa Kabare, akaambiwa kama shamba limekwisha kupewa mtu mwingine. Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa: terre vacante. Mama akauliza, "Vacante njo nini?" Kijana wetu wa sekretari akamjibu, "Ni shamba tupu, mama. Shamba yenye haina mwenyewe." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tupu? Sisi tulikimbia vita. Migomba ya baba mukwe iko pale mpaka leo."

Siku ile tuliahidi kutafuta neno hilo lilitoka wapi. Tumeuliza wazee, tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata. Neno lenyewe ni la zamani kuliko vita vyetu. Ni la zamani kuliko mji wa Bukavu.

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka 1885, Leta ya mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji, ambayo ilikuwa bado changa kabisa, ilitoa amri: mashamba tupu yote ni mali ya Leta. Sasa mtazame tarehe. Mzungu aliyekuja kuandika habari za ziwa Kivu kwa macho yake mwenyewe, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Ni kusema kwamba miaka tisa mbele yake, milima yetu ilikuwa imekwisha kugawanywa kwenye karatasi, hii ina mwenyewe, hii ni tupu, na waliogawa hawakuwa wameiona hata siku moja.

Je, Bushi ilikuwa tupu? Wazee wetu wanacheka wakiulizwa hivyo. Shamba katika Bushi lilipatikana kwa kalinzi. Mtu alipeleka ng'ombe kwa Mwami au kwa mkubwa wa kilima, wakiwapo mashahidi, akaonyeshwa mipaka. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa lake, la watoto wake na la wajukuu. Lakini kalinzi haikuwa kununua sawa vile tunanunua sukari sokoni, unalipa na kwenda zako. Ilimfunga aliyepewa kwa aliyetoa: kumsalimia, kumsaidia, kusimama upande wake kukiwa na shida. Na aliyetoa alifungwa pia, hakuweza kuamka asubuhi na kumpa mwingine shamba lile lile. Kulikuwa na bwasa vilevile, shamba la kuazima kwa kulima maharagi au kitu kingine cha msimu. Mwenye bwasa hakuruhusiwa kupanda mgomba, juu mgomba unakaa miaka mingi, na wenye kuuona watasema mwenye mgomba ndiye mwenye shamba. Ndiyo maana yule mama wetu alitaja migomba kwanza. Alikuwa anatoa ushahidi kwa sheria ya kwao, lakini ofisini hakuna aliyeielewa lugha hiyo.

Pamoja na mashamba ya kulima kulikuwa na malisho ya ng'ombe juu ya milima, na mabonde ya maji ambako watu walilima wakati wa jua, na mashamba yaliyolala yapate nguvu. Macho ya mgeni yaliona nyasi tu.

Wabelgiji waliweka posti yao Bukavu mwaka 1901, wakati ambapo walikuwa bado wanagombania mpaka na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya Ruzizi. Ugomvi huo ulikwisha kwa mapatano ya mwaka 1910, yaliyofanyiwa Ulaya. Hakuna Mwami aliyekaa kwenye meza ile. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Mwami Rutaganda wa Kabare alikataa kuwatii wageni kwa miaka mingi, na katika barua za Leta anaitwa muasi, ingawa mtu anashindwa kuelewa aliasi nyumba ya nani kama alikuwa kwake. Alifariki mwaka 1919.

Mpaka hapo wakoloni wenye kulima walikuwa wachache. Mambo yalibadilika mwaka 1928, wakati Leta ilipounda Comité National du Kivu, watu waliyoizoea kwa jina la CNKi, kwa mfano wa kamati nyingine iliyokuwa Katanga tangu 1900. Kazi yake ilikuwa kugawia kampuni na wakoloni mashamba. Mwaka mmoja mbele yake mji wetu ulikuwa umebatizwa Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa Leta aliyefariki mwaka 1905. Jina la Bukavu lilirudi tu katika miaka ya 1950. Hewa ya baridi, ziwa, udongo mweusi: Wazungu walipapenda. Walipanda kahawa, majani ya chai, pareto, na kinkina, ule mti ambao ganda lake linatoa kinini. Wajapani walipoteka Java mwaka 1942, kinkina ya Kivu ikawa dhahabu, kwa kuwa karibu kinini yote ya dunia ilikuwa inatoka kule.

Hapa kuna jambo moja tunaomba mlipime wenyewe. Kama mashamba hayo yalikuwa tupu kweli, nani angeyalima? Mkoloni hakuja na wafanyakazi kutoka Ubelgiji. Alitaka shamba lililo karibu na watu wengi, na watu wengi hawakai mahali patupu. Kwa hiyo neno "tupu" halikueleza vile shamba lilivyokuwa. Lilikuwa ufunguo wa kufungulia mlango. Halafu kodi ya kichwa na kilimo cha lazima, siku 60 kwa mwaka, na 120 wakati wa vita ya 1940-1945, vikamaliza kazi. Mwanamume aliyekuwa na malisho akajikuta anachuma chai kwenye kilima cha baba yake ili apate franka za kodi.

Tuseme ukweli wote. Kulikuwa na amri ya tarehe 31 mwezi wa tano 1934 iliyotaka kwanza kuchunguzwe kama shamba ni tupu kweli, wenyeji waulizwe, na wenye haki walipwe. Kwenye karatasi ni amri nzuri. Lakini aliyesimama kusema kwa ajili ya wenyeji alikuwa shefu, na shefu aliwekwa na Leta na kutolewa na Leta. Mwami Alexandre Rugemaninzi, aliyemfuata Rutaganda, aliondolewa katika miaka ya 1930 akapelekwa mbali na Bushi, akarudi karibu na uhuru tu. Mashefu wengine waliona na wakaelewa. Na wako waliopata faida yao, tusifiche. Wakoloni walimfanya Mwami kuwa mwenye kuuza, kumbe kwa desturi alikuwa mwenye kugawa na kulinda. Kidole kimoja kwenye karatasi kikawatoa watu wa kilima kizima, bila wao kujua kama kuna kitu kimeuzwa.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu memba kadhaa wana ndugu waliopelekwa Marekani kutoka kambi zile zile za Tanzania, na watoto wao wanafundishwa shuleni habari za karamu ya mwaka 1621, Waingereza wa Plymouth wakila pamoja na wenyeji. Mjukuu wa memba wetu mmoja aliuliza kwa simu, "Koko, kwani bale Bazungu balipewa ile udongo ao baliibeba?" Swali lake ni lile lile la mama mwenye karatasi.

Mahali ambapo Waingereza walijenga Plymouth, mwezi wa kumi na mbili 1620, palikuwa kijiji cha watu wa Wampanoag, jina lake Patuxet. Mtu mmoja wa kijiji hicho, Tisquantum, alikuwa ameibwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614, akapelekwa kuuzwa Hispania. Aliponyoka, akafika Uingereza, akatafuta njia ya kurudi, na mwaka 1619 akafika kwao. Akakuta kijiji kimya. Ugonjwa ulioingia pwani ile baada ya meli za Ulaya kuanza kupita ulikuwa umeua karibu watu wote. Mashamba yalikuwepo, yamekwisha kufyekwa, wenyewe hawapo. Mwaka uliofuata Waingereza walikuja wakayaona, wakaona ni zawadi ya Mungu.

Tuliposoma hayo mbele ya memba, kulikuwa na kimya. Tisquantum ni mmoja wetu. Ni mtu aliyerudi.

Na alifanya nini? Waingereza walikuwa wanakufa, nusu yao walikwisha mu baridi ya kwanza. Yeye akawaonyesha namna ya kupanda mahindi na samaki kama mbolea, juu ya udongo wa kwao mwenyewe. Mkubwa wa Wampanoag, Ousamequin, alifanya nao mapatano mwaka 1621, maana watu wake walikuwa wamepungua na alihitaji rafiki mbele ya majirani wenye nguvu. Tisquantum alifariki 1622. Mapatano yalishika miaka zaidi ya hamsini, huku mashamba yakiendelea kwenda, kipande kwa kipande, kwa karatasi ambazo upande mmoja ulielewa ni ruhusa ya kutumia na upande mwingine ni kuuza kabisa. Mwaka 1675 mtoto wa Ousamequin, Metacom, akaingia vitani. Aliuawa 1676, na wengi wa watu wake waliuzwa utumwani.

John Winthrop, aliyeongoza Waingereza wengine kwenda Massachusetts mwaka 1630, aliandika sababu za kuchukua: wenyeji hawazungushi ua, hawafugi ng'ombe, kwa hiyo haki yao ni ndogo. Tulicheka kwa uchungu. Bushi ilikuwa na ng'ombe. Ilikuwa na ua, na mipaka ya miti. Na bado iliitwa tupu.

Baada ya uhuru tulifikiri neno lile litaondoka na mwenyewe. Halikuondoka. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya mashamba ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 zilisema udongo wote ni wa Leta. Sheria ya 1973 iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba Rais atatoa amri nyingine ya kupanga haki za watu kwenye mashamba ya kimila. Miaka hamsini ilipita bila amri hiyo. Mwaka ule ule wa 1973, mashamba ya wageni yaligawiwa wakubwa wa hapa kwetu. Watoto wa wale walioondolewa hawakuulizwa. Mwenye kujua njia ya ofisi alipata karatasi, na mwenye kalinzi alibaki na mashahidi wake, mmoja mmoja wakifariki.

Hatuwezi kuandika haya bila kutaja Batwa. Mbele ya kalinzi yetu wao walikuwa katika pori la Kahuzi. Wakoloni walilifanya pori hilo reserva mwaka 1937, Leta yetu wenyewe ikalifanya parke ya taifa mwaka 1970, na lilipopanuliwa mwaka 1975 Batwa wengi wakawa wametolewa bila kupewa kitu. Nao waliambiwa hakuna mtu anayekaa pale. Tukilalamika juu ya neno "tupu", tukumbuke kama na sisi tulilitumia.

Kwa mama yetu, hivi ndivyo mambo yalivyo. Wazee watatu wa kilima walikubali kuja kusema mbele ya mpatanishi. Mmoja alikuwa mtoto siku ile kalinzi ilipotolewa, anakumbuka rangi ya ng'ombe. Yule aliyepewa karatasi si mtu mbaya, naye alitoa pesa yake, na ana watoto. Wamekubaliana kwamba upande wa migomba asiuguse mpaka maneno yaishe. Pesa ya kupima mipaka imetoka kwenye mfuko wetu, na kwa hiyo tunawashukuru waliotuchangia. Fundi wa kupima analipwa kwa safari mbili, siyo moja.

Tumefungua daftari. Kila memba mwenye shamba la kimila, awe Kabare, Walungu, Kalehe ao Fizi, aje na majina haya: nani alitoa, nani alipewa, kilipelekwa nini, mashahidi ni nani, na kati yao nani yuko hai. Miti ya mpaka itajwe, mmoja mmoja. Ambaye mzee wake hawezi kutembea atuambie, vijana watamfuata nyumbani na simu ya kurekodi. Sekretari yuko kila siku ya posho kuanzia saa tatu ya asubuhi. Tayari tumeandika mashamba kumi na tisa. Kwa matatu kati yake, shahidi wa mwisho amefariki tangu tuanze.