Joto, Halijoto na Joto Mahususi

Katika lugha ya kila siku neno "joto" hufanya kazi mbili: hutaja ukali, na hutaja kiasi. Wataalamu wa Ulaya nao walichanganya mambo hayo mpaka miaka ya 1760, Joseph Black wa Glasgow alipobainisha kwamba vitu vya uzito sawa, vikipewa joto sawa, havipandi digrii sawa.

Ushahidi tunao ufukoni mwa Ziwa Viktoria, Bukoba na Muleba. Adhuhuri mchanga huunguza nyayo, ilhali maji yangali baridi. Usiku mchanga hupoa upesi, maji yakabaki na uvuguvugu. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande digrii moja. Ya mchanga mkavu, 800 hivi. Hiyo ni sababu kubwa ya upepo kuvuma mchana kutoka ziwani, na usiku kutoka nchi kavu.

Mwalimu asemapo mchanga una joto kuliko maji, ametaja ukali tu. Kwa kiasi, huenda maji yamemeza joto jingi zaidi. Kwa hiyo twapendekeza ukali uitwe "halijoto", kiasi "joto", na tabia hiyo ya kila kitu "joto mahususi". Tusipoyatenga maneno haya, mwanafunzi atakariri asichokielewa.